Kipepeo wa Gede na vazi la kuazima

ALIYEPATA kufika Gede, jirani na Watamu katika pwani ya Kenya, anaujua ukimya wa mahali pale. Mji ule wa Waswahili wa kale ulistawi mno katika karne ya 15, ukahamwa katika karne ya 17, na miti ikaingia ndani ya majumba kana kwamba ilikuwa ikingoja zamu yake. Msikiti Mkuu umebakiwa na kuta, nguzo na kisima. Kaburi moja lingali na tarehe iliyochongwa ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Mwezi wa Julai 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni wengi huyatazama magofu, wakapiga picha, wakaenda zao. Sisi tulipofika pale tulishughulishwa na jambo jingine, dogo kwa umbo, lililo hatua chache tu kutoka katika magofu hayo: nyumba ya wavu iliyojaa vipepeo.

Ndugu msomaji huenda akauliza, ukurasa wa Ijumaa na vipepeo, wapi na wapi? Jawabu letu ni fupi. Qur'ani Tukufu, ambayo sura zake nzima zimeitwa kwa majina ya nyuki, sisimizi na buibui, imemtaja pia farasha, mara moja, katika Suratul Qaari'a. Na Mwarabu anaposema farasha hakusudii nondo wa kwenye taa peke yake, bali na kipepeo vilevile. Lakini leo hatukukaa kuifasiri sura hiyo. Tumekusudia kumweleza kipepeo mmoja wa misitu ya pwani yetu, na namna ambavyo uhai wake umefungamana na jani, na sumu ya wengine, na hatimaye na shida za jirani wa msitu.

Wataalamu humwita Papilio dardanus, jina alilopewa mwaka 1776 na Mwingereza Peter Brown, katika zama ambazo wenye elimu ya viumbe wa Ulaya walipenda kuazima majina kutoka katika ngano za Troya. Dardanus ni babu wa watu wa Troya katika ngano hizo. Halina uhusiano wowote na Afrika jina hilo, wala sisi hatuna kinyongo nalo. Katika makala haya tutamwita dardanusi. Ni kipepeo mkubwa, akikunjua mbawa zake hukaribia upana wa kiganja cha mtu mzima. Huishi katika misitu ya Afrika kusini mwa Sahara, toka Afrika Magharibi hadi Ethiopia na kushuka mpaka Afrika Kusini, na ng'ambo ya bahari katika Bukini na Ngazija.

Dume lake halina mafumbo. Mbawa zake zina rangi ya samli iliyoganda, kingo nyeusi, na mikia miwili kwa nyuma. Hupita kwa kasi kandokando ya msitu na katika vijia vyenye mwanga, na aliyemwona mmoja amewaona wote. Mwenye kisa ni jike. Majike wa pwani yetu hawana mkia wala rangi ya samli. Mmoja ni mweusi mwenye mabaka makubwa meupe. Wa pili ana rangi ya chungwa iliyozungukwa na weusi. Wa tatu ni mweusi mwenye madoa madogo yaliyotawanyika. Huenda wote hao ni dada wa mama mmoja, na mtu mwenye macho yake mazuri akaapa kwamba ni jamii tatu za vipepeo zisizojuana.

Ndivyo walivyoapa hata wataalamu kwa muda mrefu. Dume na majike wake waliandikwa vitabuni kama vipepeo mbalimbali, kila mmoja na jina lake, mpaka Roland Trimen, Mwingereza aliyekuwa akiishi Cape Town, alipodai katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1869 kwamba wote hao ni wa jamii moja. Walikuwapo waliombeza. Ubishi ulikwisha pale watu walipochukua mayai, wakawalea viwavi kwa majani, na kutoka katika mayai hayo wakapata dume mwenye mikia pamoja na majike wa mavazi tofauti. Nasi tunaona jambo hilo ni la kutafakari kwa yeyote anayeshughulika na elimu: majina yalikwisha kuwekwa, makabati yalikwisha kupangwa, na aliyevunja kesi ni aliyekwenda kutazama mayai.

Sasa, kwa nini jike avae hivyo? Katika msitu huohuo wanaishi vipepeo wa ukoo uitwao Amauris, weusi wenye mabaka meupe, ambao viwavi wao hula mimea yenye sumu, nao wenyewe ni wachungu mdomoni mwa ndege. Ndege kinda akimla mmoja hutapika, na baada ya hapo humkwepa kila afananaye naye. Yule wa rangi ya chungwa anamfuata kipepeo mwingine mchungu, Danaus chrysippus, ambaye msomaji bila shaka amekwisha kumwona hata shambani, akiruka polepole pasipo hofu. Dardanusi hana sumu yoyote, ni chakula kizuri kabisa. Lakini jike hana budi kuruka taratibu, akipekua majani mpaka alipate lililo lake, kisha kutaga yai moja hapa na jingine pale. Mtembea polepole huonwa na wengi. Basi amejitwalia vazi la mwenye sumu, akapita nalo mbele ya adui.

Vazi hilo, hata hivyo, lina sharti. Waigaji wakiwa wengi kuliko wale wenye sumu, ndege watakutana na tamu mara nyingi kuliko chungu, na hila itafichuka. Kwa ajili hiyo inafaa majike wagawane mavazi, huyu avae la huyu na yule la yule, ili lolote moja lisizidi kiasi. Kwa hiyo jike wa dardanusi hahitaji jani la kutagia tu. Anamhitaji pia yule mwenye sumu awepo karibu naye na kwa wingi, na anamhitaji ndege aliyekwisha kuadhibiwa. Mtu anayemfikiria kipepeo kama ua lenye mbawa, ambalo laweza kuhamishwa bustani yoyote likapendeza, amemwona nusu yake tu. Katika nyumba za kioo za Ulaya ambamo huonyeshwa, jike huyu bado amevaa vazi lake, lakini hakuna ndege wa kulisoma.

Jambo la ajabu ni kwamba Bukini na Ngazija majike hawakuvaa mavazi haya. Kule jike ana mikia na rangi ya samli kama mumewe, na hata Ethiopia wapo majike wa namna hiyo. Wataalamu wengi hulitazama vazi hilo la samli kuwa ndilo la asili, na mengine yote kuwa yalizuka baadaye huku barani. Msafiri anayetoka Mombasa kwenda Moroni anavuka, pasipo kujua, mpaka baina ya majike wa kuazima na majike wa asili.

Kisa cha vazi hilo kina tawi moja tusiloweza kuliacha, kwani linawahusu watoto wachanga. Katika mji wa Liverpool alikuwako tabibu, Cyril Clarke, aliyefuga vipepeo kwa mapenzi yake, na akashirikiana na Philip Sheppard, mtaalamu wa urithi wa viumbe. Wawili hao waliwazalisha dardanusi wa pande mbalimbali za Afrika, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 1959 na 1960 yalihusu, miongoni mwa mbari nyingine, ile iitwayo tibullus, ambayo ndiyo ya pwani yetu. Waliona kwamba vazi la jike halirithiwi kipande kipande, rangi huku na baka kule, bali hurithiwa kama furushi moja lililofungwa, nalo lina matoleo mengi yenye daraja, hili likilitawala lile. Ndiyo maana hazaliwi binti mwenye nusu ya vazi hili na nusu ya lile, ambaye ndege asingemheshimu hata kidogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 na mwaka 2014 umelikaribia zaidi furushi hilo na kulionyesha lilipo ndani ya chembechembe za urithi.

Clarke, akiwa tabibu, aliona mfano wa jambo hilo katika damu ya binadamu, hususan kundi la Rhesus, ambalo nalo lilielekea kurithiwa kwa mafurushi. Kutoka hapo akageukia maradhi yaliyokuwa yakiwaua watoto: mama mwenye Rh hasi akimbeba mtoto mwenye Rh chanya, damu ya mtoto humwingia mama wakati wa kuzaa, mwili wa mama ukatengeneza kingamwili, na mtoto afuataye akashambuliwa akiwa bado tumboni. Inasimuliwa kwamba mkewe, Féo, alimwamsha usiku na kumwambia awape kina mama kingamwili hizohizo ziwe kinga. Katika miaka ya 1960 wenzake wa Liverpool, akiwemo Ronald Finn, walionyesha kwamba mama akichomwa sindano ya anti-D mara baada ya kujifungua, mwili wake hautengenezi kingamwili zake mwenyewe. Watafiti wa New York walifika palepale kwa njia yao, kwa hiyo hatusemi kuwa bila dardanusi sindano hiyo isingalipatikana. Tunasema kwamba mlango mmojawapo wa kuifikia ulikuwa ubawa wa kipepeo anayetaga katika misitu yetu, na kina mama wanaoandikiwa sindano hiyo leo katika hospitali zetu hawana habari naye.

Na turudi kwenye jani. Kiwavi wa dardanusi hali kila kitu. Chakula chake ni miti na mimea ya ukoo wa michungwa na mindimu: huko mwituni ile ya jamii za Teclea na Toddalia, na pengine mdimu wenyewe uliopandwa uani. Kiwavi mchanga ana rangi ya kinyesi cha ndege, kwa hiyo hasumbuliwi. Akikua huwa wa kijani kama jani analolila. Ukimgusa huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali, kisha akazirudisha. Akishiba hujifunga katika hali ambayo wafugaji wa Gede huiita pupa, naye huonekana kama jani lililojikunja. Katika pembe hiyo ya dunia, basi, mdudu huyu huigiza kinyesi, kisha jani, kisha mwenye sumu, na hakuna mahali anapoonekana kama alivyo ila kwa dume.

Msitu unaopakana na Gede ni Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia ya namna yake, misitu mikavu ya pwani, katika Afrika Mashariki. Zamani misitu hiyo ilikuwa kama ukanda uliofuata bahari kutoka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji. Leo ni viraka. Ndani ya Arabuko-Sokoke kuna sehemu yenye miti mchanganyiko, pale walipo mbambakofi. Kuna sehemu ya mirihi iliyosimama juu ya mchanga mweupe usio na rutuba. Na kuna kichaka kizito upande wa magharibi juu ya ardhi nyekundu. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1943. Umo bundi mdogo wa Sokoke, umo sange mwenye makalio ya dhahabu, nao wawili hao wamesifiwa sana na wageni.

Pembezoni mwake wanaishi watu, wengi wao Wagiriama, na kwao sifa hizo zilikuwa na sura nyingine. Ndovu walitoka usiku wakakanyaga mahindi. Nyani walingoja mwenye shamba aende kisimani. Ardhi ilikuwa haba na watoto wakiongezeka, ilhali ng'ambo ya mpaka kulikuwa na eneo kubwa ambalo mtu akiokotwa nalo gogo moja hupelekwa mahakamani. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, wakazi walipoulizwa maoni yao, zaidi ya nusu walitaka msitu wote ukatwe wagawiwe mashamba. Wako waliowaona kuwa ni wajinga. Sisi hatukubali. Mtu aliyelala na njaa kwa sababu ya nyani wa serikali hana deni la kumpenda kipepeo wa serikali.

Mwaka 1993 ulianzishwa pale Gede mradi ulioitwa Kipepeo, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na aliyeuasisi ni mtaalamu wa vipepeo, Dakta Ian Gordon. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza: Ulaya na Marekani kuna nyumba za kioo ambazo watu hulipa kiingilio watazame vipepeo hai wa nchi za joto, na vipepeo hao huishi siku chache, kwa hiyo wanaozimiliki hununua wapya kila wiki. Kwa nini wasinunue kutoka kwa majirani wa Arabuko-Sokoke?

Kazi yenyewe tuliielezwa kwa utulivu na watu walioizoea. Mfugaji hukamata majike wachache msituni kwa wavu, akawatia katika kizimba cha wavu pamoja na mche wa jani lao. Jike akitaga, mayai huondolewa, sisimizi wakazuiwa, viwavi wakalishwa majani mabichi kila siku. Huo ndio uzito wa kazi, kwani kiwavi mkubwa hula bila kusita na jani likikauka halitaki. Pupa akikamaa hupelekwa Gede siku ileile, akahesabiwa, akapangwa ndani ya pamba, akasafirishwa kwa ndege. Hapana nafasi ya kuchelewa: dardanusi hutoka katika ganda lake baada ya wiki mbili hivi, na akitokea njiani, ndani ya boksi, mbawa hazikunjuki, na fedha imekwenda. Mamia ya kaya yameingia katika kazi hiyo kwa miaka mbalimbali, wanawake wakiwa wengi, kwa kuwa kizimba hukaa nyuma ya nyumba.

Hoja moja tuliitoa palepale. Maadamu dardanusi anakubali mdimu wa uani, mfugaji anauhitaji msitu kwa kitu gani? Jawabu walilotupa lilikuwa la watu wenye uzoefu. Vipepeo wakizalishwa wao kwa wao kizimbani kizazi baada ya kizazi hudhoofika, mayai yakawa hayaanguliwi, na hapo hapana dawa ila kurudi msituni kutafuta majike wapya. Aidha vipepeo wengine wanaotakiwa na wanunuzi hula majani ya miti ya msituni ambayo miche na mbegu zake hutoka huko huko. Na msitu uliokatwa hauna jike wa kukopesha.

Isidhaniwe kuwa shida zimekwisha. Ukataji wa magogo haukukoma Arabuko-Sokoke, wala soko la vipepeo halina upana wa kulisha kila kijiji. Sisi tunaoishi upande wa Tanga tunalo somo letu wenyewe. Katika Usambara Mashariki, kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu wa Amani, ufugaji kama huo ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa shirika la kuhifadhi misitu, TFCG, na dardanusi alikuwa miongoni mwa waliosafirishwa. Sehemu ya mapato iliingia katika mifuko ya maendeleo ya vijiji. Kisha mwaka 2016, baada ya kashfa za kutoroshwa kwa wanyama hai, serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori wote walio hai. Marufuku hiyo ililengwa kwa twiga na tumbili. Ikaangukia pia juu ya pupa wa mama wa Kishambaa. Kwa upande wa Kenya pigo lilikuja mwaka 2020, ndege za abiria ziliposimama na nyumba za vipepeo za Ulaya zikafunga milango kwa sababu ya korona. Viwavi hawakupata habari hiyo. Waliendelea kula.

Hatuilaumu nia ya kuwalinda twiga. Lakini ingelifaa mwenye kuandika amri atenganishe mnyama aliyenaswa porini na mdudu aliyelelewa uani na mtu aliyepanda mti kwa ajili yake, kwani huyu wa pili, akikatishwa tamaa, analo shoka nyumbani. Biashara hiyo ilichukua miaka kujengwa: kujifunza jani la nani ni lipi, kupanda miche, kuwazoesha wanunuzi wa mbali kwamba mzigo utafika Jumanne. Miti iliyopandwa nyuma ya jiko haikung'olewa mara moja, lakini mwenye nayo aliitazama kwa jicho jingine.

Siku ile ya Gede tuliondoka baada ya swala ya alasiri. Nyuma ya ukuta wa Msikiti Mkuu, katika kichaka chenye miiba, alikuwapo jike mweusi mwenye mabaka meupe. Mwenyeji wetu alisimama, akatuonyesha kwa kidole, akatwambia tusisogee. Hatukuweza kujua kama ni mwenye sumu au mwigaji, na yeye akakiri kwamba kwa umbali ule hata yeye hana hakika. Alituambia tungoje tuone atatua kwenye jani gani. Alizunguka, akagusa majani mawili akayaacha, akatua juu ya la tatu, akapinda mkia wa tumbo lake chini ya ncha ya jani kwa muda wa pumzi moja, akaondoka. Tulipoinama tulikuta yai, dogo kama mbegu ya mchicha, la manjano iliyofifia.

"Ni yeye," alisema mwenyeji wetu.